Sahani, Sinia na Ukumbi wa Wodi

Mwaka huu nimestaafu. Kijana niliyemkabidhi kabati la vipimo aliniuliza: karatasi ipi kati ya hizi inatosha kumpima mgonjwa wa kiharusi? Nimeona nimjibu kwa maandishi.

Niliingia kwenye tibakazi kwa kuwa nafasi za uuguzi zilikuwa zimejaa. Huko nikakutana na mama mmoja, mkuu wa kitengo chetu. Yeye ndiye aliyenifunza kazi.

Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, wengi huacha kuushughulikia upande wa kushoto. Mgonjwa anamaliza ugali ulio kuliani, kisha analalamika hakupewa mboga, na mchicha uko pale pale kushoto mwa sahani. Aliyepofuka nusu ya uwanja wa kuona kwa kawaida hulijua pengo lake, akageuza shingo kutafuta. Huyu hatafuti, maana kwake hakuna kilichopungua.

Tulikuwa na karatasi ya Albert ya 1973 yenye mistari 40 ya kukata, na ile ya 1987 ya nyota ndogo 56 zilizochanganywa na nyota kubwa, herufi na maneno ya Kiingereza. Kwa bibi asiyewahi kushika kalamu, Mama alipenda zaidi kipimo cha Tham na Tegnér cha 1996: vipande 16 vya mbao, uvipange kwa usawa juu ya sinia pana kama maandazi ya kuoka. Ukikuta 12 kulia na 4 kushoto, umeshajua pa kuanzia.

Ugomvi ulizuka kwa dereva mmoja wa basi. Alikata mistari yote, na daktari akataka kumruhusu arudi kazini.

"Dokta, naomba nitembee naye kidogo," Mama alisema.

Wakatembea ukumbini huku akimwuliza vituo vya safari yake. Baba yule alivitaja vyote bila kukosea, na bega lake la kushoto likagonga fremu ya mlango, kisha kitoroli cha dawa. Hakugeuka kutazama. Daktari alikasirika: ukumbi si kipimo, hauna alama. Mpaka leo wako wenzangu wanaosema hivyo.

Alama zipo. Kipimo cha Catherine Bergego kinaangalia mambo 10 ya kila siku, kama kunyoa, kuvaa, kula na kupita bila kugonga vitu. Kila jambo hupewa 0 hadi 3, jumla 30. Mgonjwa naye hujipa alama zake, na tofauti kati ya zake na zako inakuonyesha ni kwa kiasi gani halioni tatizo lake. Mama alikuwa sahihi.

Kwa hiyo, mwanangu, tumia karatasi, lakini usiishie hapo. Mbele ya karatasi mgonjwa ana jambo moja tu, chumba kimetulia, na akili yake yote iko pale. Nyumbani kuna watoto, redio na sufuria inayochemka. Barabarani kuna bodaboda inayotokea kushoto. Kabla hujasaini mtu aende nyumbani, mwangalie akivaa shati, akila mlo mzima, na akitembea huku mnazungumza. Ukikosa muda wa hayo, usiandike kwenye faili kwamba umempima.