Motokari ya baba, msasa na ndoo ya maji

Tangu mkutano uliopita wengi wenu mmetuuliza ni garaji gani iliyopaka rangi Toyota yetu ya bluu. Ilipakwa nyumbani, katika parseli yetu kule Katuba. Na kazi kubwa ilikuja baada ya kupaka: kusugua na kung'arisha. Hiyo tuliifanya sisi wenyewe, mama yetu na mabinti wake wawili.

Motokari hiyo aliiacha marehemu baba. Ilitoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikaingilia Kasumbalesa kama nyingi za hapa Lubumbashi. Usukani wake uko kuume, nasi tunaendesha kuume mwa barabara, kwa hiyo dereva akitaka kupita lori humuuliza kwanza aliyekaa upande wa pili kama njia ni wazi. Kwa miaka mingi ilileta mahindi kutoka barabara ya Kasenga, na mama akayauza kwenye soko la Kenya. Baba alipofariki ilisimama chini ya mwembe misimu miwili ya mvua. Kutu ikala milango, rangi ikabambuka, na baba mdogo akaanza kutuletea wanunuzi wa chuma cha kilo.

"Hii iko mitraye tu, muuzishe," alisema.

Tulimweleza kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawataja watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Alisikiliza, akaitazama ile kutu, akarudia neno lake. Hapo mama akasema motokari itapakwa rangi kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa.

Kijana mmoja wa kartie, fundi wa mabati, aliziba matundu kwa mastiki akapuliza rangi, kisha verni mara mbili, kwa kompresere ya kukodi. Siku hiyo watoto walishinda kwa jirani. Dawa ya kugandisha inayochanganywa katika verni ya namna hiyo ina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumletea mtu pumu, na kitambaa puani hakizizuii. Anayepuliza avae barakoa yenye vichujio hasa. Wengine wakae mbali.

Ulikuwa mwezi wa saba, na mnajua upepo wetu wa kiangazi. Jioni verni ilikuwa imejaa chembe za vumbi, na juu yake vijinundu vidogo ambavyo mafundi huviita ngozi ya chungwa. Pesa za kupuliza tena hazikuwapo. Fundi akatuambia tusiiguse kwa wiki mbili, kwa kuwa usiku wa majira hayo baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na verni hukawia kukauka. Akatuachia msasa wa maji namba 1500 na 2000. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo chembe zake zinavyokuwa laini.

Msasa huo hutumika ukiwa umelowa. Tuliuloweka katika ndoo ya maji yenye tone la sabuni, tukauzungushia kipande cha sandali ya mpira ili usifuate umbo la vidole, tukasugua polepole kwa mistari iliyonyooka. Verni mara nyingi haifiki unene wa unywele, hivyo huwezi kusugua kama unayesugua sufuria. Kingo za milango na mikunjo ya bati ndizo huisha haraka, basi tulizifunika kwa skochi tangu mwanzo.

Kuna ishara moja ambayo mmoja wetu, mwalimu, aliwafundisha hata watoto walioruhusiwa kutazama. Maji yakitiririka meupe kama maziwa, unakata verni, endelea. Yakianza kuwa bluu, umefika kwenye rangi: simama hapo hapo. Mtoto wa miaka minane akawa mkaguzi wetu. Alikaa kwenye kigoda akichungulia maji, na kila mara akipaza sauti, "Ingali nyeupe!"

Ukifuta na kukausha, bati lote linafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Inatisha. Jirani mmoja alituuliza kwa nini tunaharibu rangi mpya. Lakini vidoa vinavyobaki kung'aa katikati ya ule ufifu ni mabonde ambayo msasa haujafikia, na hapo ndipo tuliporudi, mpaka vikatoweka. Kisha namba 2000, kufuta mikwaruzo ya 1500. Maji ya tope tuliyamwaga mbali na bustani ya lengalenga. Rangi ya zamani iliyokwanguliwa kabla ya kupaka tuliifunga kwenye mfuko, kwani rangi za kale huweza kuwa na risasi, na risasi hudhuru akili za watoto wadogo.

Kung'arisha kulituchukua jioni sita. Mashine ya kukodi ingemaliza kwa siku moja, ila umeme wa kwetu unakuja unapotaka, basi tukatumia pamba, dawa ya kung'arishia na mikono. Sehemu ya ukubwa wa sahani, kwa mizunguko midogo, mpaka uone uso wako, kisha sehemu ya pili. (Dawa ya meno ambayo wengi husifu inafaa kwa mkwaruzo mdogo; kwa motokari nzima ungemaliza duka.) Mama alichagua boneti. Alisema hapo ndipo baba alipokuwa anaweka daftari lake la hesabu.

Baba mdogo alikuja Jumapili moja baada ya ibada, peke yake. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akazunguka nyuma, akauliza nani amepaka. Halafu akaomba kuiazima kwa harusi ya binti yake.

Mama amekubali, kwa sharti kwamba mafuta ni ya mwenye harusi. Karte roze bado ina jina la baba. Wiki ijayo tunaanza safari ya ofisi ili iandikwe upya, na baba mdogo ameahidi kuja kutia sahihi kama shahidi.