Bastola Dukani

Sisi tukaao Texas, Marekani, tuliingia dukani kununua mkate, tukamkuta mzee mmoja, bastola i kiunoni ndani ya ala yake, watu wote wakiiona. Alitupisha kwa adabu sana. Mtoto wetu alishika nguo zetu asiseme neno. Sheria yamruhusu mzee yule: tangu 1 Januari 2016 kwa wenye cheti, na tangu 1 Septemba 2021 hata kwa wengi wasio nacho.

Kanisa laweza kukataza, likibandika tangazo mlangoni kwa Kiingereza na Kihispania. Wazee wetu hawajapatana. Mmoja asema Petro aliamriwa kuurudisha upanga. Mwingine awakumbuka waliouawa ibadani Sutherland Springs, mwaka 2017. Jumapili twaketi karibu na mlango.