Theluji Si Weupe Tu

Watu wengi wa nchi za joto hudhani kuwa theluji ni kitu kimoja tu: ni nyeupe, ni baridi, basi. Lakini wakaao milimani huijua kama mkulima aujuavyo udongo wa shamba lake. Niliyaona haya Davos, mji wa Uswisi ulio kiasi cha mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, ambako mimi na mwanangu tulikaa majuma mawili wakati wa baridi.

Theluji mpya iliyoanguka katika baridi kali huwa kavu na nyepesi kama unga. Sehemu yake kubwa ni hewa. Hiyo ndiyo waipendayo wachezao mchezo wa kuteleza kwa mbao ndefu ziitwazo skii. Ikipata joto hulowa na kuwa nzito. Ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, hufanya gamba gumu. Na upepo huzivunja chembe zake na kuzishindilia pamoja.

Lakini uzuri wa juu hauonyeshi hali ya chini. Mwanzoni mwa majira, theluji ikiwa haba na mbingu zikiwa safi, ardhi huwa na joto kuliko uso wa theluji. Mvuke hupanda kutoka chini, na chembe hugeuka zikawa kama sukari, zisizoshikana. Theluji nyingi ikija kulala juu yake, ni kama mzigo uliowekwa juu ya punje za mtama. Uzito wa mtu mmoja waweza kuuporomosha mteremko mzima.

Kwa hiyo wataalamu hawaamini macho peke yake. Tangu mwaka 1936 theluji hupimwa pale Weissfluhjoch, juu ya mji. Na taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa huko mwaka 1942 hutoa tangazo la hatari lenye daraja tano.

Usiku mmoja theluji ilianguka kwa wingi pamoja na upepo. Asubuhi tangazo lilisema daraja la nne. Mwanangu, kijana wa miaka 17, aliutazama mteremko usio na alama wala njia, akaniambia, "Baba, theluji nzuri kama hii hatutaipata tena. Niruhusu."

Nikamwonyesha tangazo, nikamwambia, "Mwanangu, uzuri wake nauona, kilicho chini yake sikioni."

Alikasirika, wala hakugusa chai. Mara tukasikia mshindo: wafanya kazi wa mlimani walikuwa wakilipua baruti, ili theluji iporomoke kabla ya watu kupanda. Ng'ambo ya bonde theluji ilipasuka kwa mstari mrefu, ikashuka kama moshi. Mwanangu akaziegemeza mbao zake ukutani bila kusema neno. Hatari ilipopungua aliteleza katika njia zenye alama, akarudi mzima, Alhamdulillahi.

Enyi vijana, mzazi akikuzuieni msidhani anakuoneeni kijicho kwa furaha yenu. Nasi wazazi, neno "usiende" lisitoke vinywani mwetu bila sababu yake. Kijana aliyeelezwa hatari ataikumbuka hata siku ambayo baba yake hayupo.