Mama na Bei ya Hisa

Wenzangu wa klabu, majira ya joto yajayo nitakwenda New York kujifunza kazi katika benki ya uwekezaji. Nilipompigia mama simu kumpa habari hiyo alishangilia, kisha akauliza, "Utakaa dirishani?"

Hakukosea. Hapa Columbus yapo makao makuu ya Huntington, na Buffalo yapo ya M&T. Benki anazozijua mama ni hizo za kuweka na kutoa pesa. Basi nikaenda nyumbani Louisville, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, nikamweleze ana kwa ana.

Nilimpa mfano wa Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo, kila moja shilingi 5. Uuzaji ulisimamiwa na Dyer & Blair ya Nairobi pamoja na Morgan Stanley ya Marekani. Kazi ya watu hao, nikamwambia, ni kupima thamani ya kampuni, kushauri bei, kutafuta wanunuzi ndani na nje ya nchi, na kuwaeleza hali ya kampuni ilivyo. Wananchi walipanga foleni, wengine wakakopa ili wanunue.

"Wakapata?"

"Mwanzoni bei ilipanda. Kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya shilingi 5."

"Na hao wapanga bei walirudisha nini?"

"Hawarudishi kitu, mama. Wao hulipwa ada yao uuzaji ukikamilika."

Akanyamaza. Nilijua anawaza nini. Tangu tutoke kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mama ndiye mtunzaji wa likelemba, ambayo wengine mnaiita upatu au chama. Wanawake 12 wa Louisville, Columbus na Buffalo hutoa dola 200 kila mwezi, na zote 2,400 huchukua mmoja. Desemba 2022, tufani ya theluji ilipoifunga Buffalo, mwenzao anayesafisha vyumba vya hoteli alikosa kazi siku kadhaa, akashindwa kutoa. Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa Columbus, anayengoja pesa za gari. Mama alizitoa zile 200 kwenye pesa zetu za kodi ya nyumba. Nilipolalamika alinijibu, "Waliniamini mimi."

Nikajitetea kwamba hisa si likelemba, kwamba anayenunua anajua bei inaweza kushuka.

"Anajua kwa kuambiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. New York nitakwenda, maana nina deni la chuo, na natamani siku moja kampuni za kwetu zipate mtaji bila kuombaomba. Mama hakunizuia. Asubuhi ya kurudi Columbus alinifungia chapati za njiani, akasema, "Nenda, mwanangu. Lakini ukiwapangia watu bei, wapangie kama na mimi nitanunua."