Bunkeya haina kuta, Kolwezi ina mashimo

KOLWEZI, LUALABA – Mtu anayetafuta magofu katika jimbo la Lualaba asitafute kuta za mawe. Kule pwani, Kilwa Kisiwani, wenyeji walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ndiyo sababu msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa vinaonekana mpaka leo, na tangu 1981 viko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ulaya nako wageni wanalipa tiketi ili wapande minara ya mabwana wa zamani. Huku Katanga miji ya wafalme ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mvua na mchwa walishamaliza kazi yao. Kinachobaki ni uwanja, makaburi na majina.

Mzee mmoja wa Kolwezi, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, alijua hayo yote alipompeleka mjukuu wake wa miaka 13 kutembelea Bunkeya kiangazi hiki. Hakwenda kustarehe. Majuma mawili kabla ya safari, watu walipita katika mtaa wao na kuandika namba kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kila nyumba. Chini ya mtaa kuna madini, na wakaaji waliambiwa wajitayarishe kuhama. Jioni ile, wakiwa wanakula bukari na sombe, mtoto akauliza: "Kambo, wakiisha kuvunja, tutasema tulikuwa tunaishi wapi?" Mzee alikosa jibu. Akaona heri ampeleke mahali palipovunjwa zamani, akajionee jinsi watu wa pale wanavyojibu.

Njia inatoka Kolwezi, inapita Fungurume mpaka Likasi, halafu inageuka kaskazini kuelekea bonde la Lufira. Kwenye vilima vya Fungurume mzee alimwonyesha mtoto jambo ambalo wasafiri wengi wanalipita bila kuliona: pale penye shaba nyingi miti haioti, panaota nyasi na maua madogo tu. Wasanga walisoma vilima hivyo kama kitabu. Kilima chenye upara katikati ya msitu kilikuwa na mali ndani yake.

Bunkeya ulikuwa mji wa M'siri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, aliyefika nchi hii katikati ya karne ya 19 akajifanya mfalme wa Garenganze. Shaba, pembe za ndovu na watumwa vilitoka hapa kuelekea bahari zote mbili, Zanzibar kwa mashariki na Benguela kwa magharibi. Bunduki na vitambaa vilirudi kwa njia hizohizo. Mmisionari Frederick Arnot alipofika mwaka 1886 alikuta mji mkubwa uliotawanyika kwenye tambarare. Wageni wa Ulaya waliandika pia juu ya mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma. M'siri hakuwa mtawala mpole, na Wasanga waliokuwa chini yake walikwisha kuasi kabla Wazungu hawajaja na bendera zao.

Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, alimpiga M'siri risasi. Bodson naye alipigwa akafa. Kichwa cha M'siri kilikatwa, na mpaka leo mahali kilipo ni swali. Watu walitawanyika, na mrithi wake, Mukanda Bantu, akahamisha makao. Baadaye Wayeke walirudi Bunkeya. Ukoo haukukatika: Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963, alikuwa mjukuu wa M'siri.

Mtoto alitazama huku na huku. Aliona nyumba za matofali, mbuzi, wanawake wanatwanga. "Kambo, boma ya mwami iko wapi?"

"Uko naikanyaga," mzee akamjibu.

Mwenyeji mmoja mwenye mvi, aliyewapokea kwa viti na maji, alisikia akacheka. "Mama, hapa hatulindi kuta," akamwambia mtoto. "Tunalinda kusema." Akaanza kuwataja watawala mmoja baada ya mwingine mpaka mwami wa leo, kisha akanyoosha mkono: upande ule makaburi yao, upande huu njia ya zamani ya wasafiri. Hakuwa na karatasi mkononi. Kila alichokitaja kilikuwa na mahali pake, na mtoto akaanza kugeuza kichwa kufuata kidole kama mtu anayeona kitu.

Usiku, mahali walipolala, mzee alimweleza mjukuu tofauti iliyokuwa ikimsumbua tangu mchana. Bunkeya ilivunjwa, lakini ardhi yake ilibaki. Aliyetaka kurudi alikuta pa kukanyaga. Kolwezi ni kesi nyingine.

Kabla ya Wabelgiji, Wasanga walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwenye tanuru za udongo wa kichuguu na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Wazungu waliwaita walaji wa shaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha na mahari, na mitatu kati yake iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Mashimo ya wazee hao ndiyo yalikuwa magofu ya kweli ya nchi hii, kazi ya mikono ya vizazi vingi. Lakini ndiyo pia yaliyowaonyesha wageni mahali pa kuchimba. Mtaalamu wa miamba Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, machimbo ya wenyeji yalikuwa ishara njiani. Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji wa Kolwezi ukafuata mwaka 1937, na pale walipochimba wazee pakafunguliwa mashimo ambayo lori likiwa chini linaonekana kama kiberiti. Gofu likaliwa pamoja na mlima wake.

Sasa zamu imefikia nyumba za wafanyakazi. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu wamechimba hata sakafuni mwao, na kampuni kubwa nazo zimekaribia kuta za mitaa. Mzee haoni ajabu. Aliingia mgodini kijana, akaacha kazi mwaka 2003 pamoja na maelfu ya wenzake, na anajua kwamba mji huu ulijengwa kwa sababu ya mawe, si kwa sababu ya watu. Hakatai kwamba nchi inahitaji kuchimba. Pesa ya kuhama anaitaka, na anaitaka yenye kutosha kujenga tena. Lakini hesabu ya fidia ina vyumba, mabati na miti ya matunda. Haina safu ya kuandika kwamba chumba cha nyuma ndipo watoto wanne walipozaliwa, wala kwamba chini ya mwembe wa jirani ndipo wanaume wa zamu ya usiku walipokesha Septemba 1990, wakingoja habari baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka.

Tangu waliporudi, mzee na mjukuu wana kazi kila jioni. Wamenunua daftari la shule. Wanapita nyumba kwa nyumba, mtoto anaandika na mzee anauliza: nani aliishi hapa kwanza, alitoka kijiji gani, alifanya kazi wapi, nani amezikwa na wapi. Wamepima uwanja wa mpira kwa hatua. Wamechora kisima, kanisa, duka la mkate lililofungwa. Majirani wengine waliwacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu mama mmoja mjane aliwaita yeye mwenyewe, akatoa bahasha ya picha kutoka chini ya godoro, akasema marehemu mume wake aandikwe vizuri, na "capita" mbele ya jina lake.

Avenue nne zimekwisha. Zimebaki saba, na tarehe ya kuhama haijatangazwa.