Nyonga Mpya, Rumonge

Jumapili, 11 Juni 2023

Nimefika nyumbani, alhamdulillahi. Kutoka Bujumbura gari lilisimama Magara na tena Minago ili nishuke nitembee kidogo, maana baada ya upasuaji wa kubadilishwa nyonga damu huweza kuganda mguuni ukikaa muda mrefu. Njia nzima nilichezesha nyayo, juu na chini, kama walivyonifundisha katika taasisi ya mifupa, MOI, Muhimbili, Dar es Salaam. Kuingia ndani ndipo nilipoona jinsi maisha yetu yalivyo ya chini: mkeka, kigoda, mafiga, choo cha shimo. Kila kitu kinanitaka nichuchumae, na kuchuchumaa ndiko nilikokatazwa.

Jumatano, 14 Juni

Masharti: nisikunje nyonga kupita pembe mraba, nisipishanishe miguu, nisigeuze mguu kuelekea ndani. Misuli ya nyuma iliyokatwa haijashika, na nyonga bandia yaweza kuchomoka. Daktari alinionyesha mfano wake: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, njia aliyoiimarisha Mwingereza John Charnley mwaka 1962. Fundi amekuja leo. Choo kimepata kiti kirefu cha mbao chenye vishikio, na kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Usiku nalala na mto katikati ya magoti.

Jumatano, 28 Juni

Idi. Nimeswali kitini, rukuu na sijda kwa ishara. Wajukuu waliketi mkekani kuzunguka sinia, nami nikala mezani. Nilitamani sana kuwa nao pale chini.

Jumatatu, 17 Julai

Nimeacha magongo mawili, natumia fimbo. Mke wa kaka yangu alinisihi: "Wifi, shika fimbo upande wa mguu mbovu, ndio unaohitaji msaada." Nikamwonyesha. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima, ikatangulia pamoja na mguu uliopasuliwa. Hapo inaupunguzia mzigo msuli wa ubavuni mwa nyonga. Msuli huo ukiwa dhaifu, kiuno hushuka upande wa pili kila hatua, na mtu huchechemea hata kama maumivu yamekwisha. Kwa hiyo asubuhi nashika nguzo ya baraza na kuutoa mguu pembeni, polepole, kiwiliwili kikiwa wima, kisha naurudisha. Ngazi nazo zina kanuni: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, uliopasuliwa kwanza.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimetembea hadi barabarani na kurudi. Ufukweni bado: mchanga mkavu unazama chini ya fimbo, na ule wa majini una mteremko unaofanya mguu mmoja uwe juu ya mwenzake. Jioni paja lilivimba kidogo, nikalala nikiliinua. Kesho nitapunguza mwendo, lakini sitakaa kitako.

Jumatano, 16 Agosti

Giza la mwezi. Taa za wavuvi zilijaa ziwani usiku kucha, na asubuhi ndagala zikawa tele. Nimerudi kazini, kuanika samaki hao wadogo! Zamani tulizimwaga mchangani na kuzigeuza tumeinama mgongo mzima. Shirika la FAO ndilo lililoeneza pwani yetu chanja za waya, kama mita moja kutoka ardhini, ili samaki wakauke upesi na wasiingiwe na mchanga. Leo chanja hizo zimenifaa kwa jambo jingine: zinanifika kiunoni. Nilisimama wima, nikazitandaza ndagala kwa kiganja, nikizichambua mpaka mwisho wa waya, nikahamia upande wa pili. Ndoo alibeba binti yangu. Sikuinama hata mara moja.

Jumapili, 10 Septemba

Mtaalamu wa mazoezi amenisikiliza kwa simu. Ameniruhusu kurukuu nikiwa nimesimama. Sijda ibaki kitini. "Mama, msuli unaendelea kupata nguvu hata mwaka mzima, usiache mazoezi kwa sababu maumivu yamekwisha."

Nimefikiri sana juu ya wanawake wa umri wangu hapa mwaloni. Wengi hawatafika Dar es Salaam, na gharama ni kubwa mno. Lakini choo kirefu, jiko la kusimama na chanja ni kazi ya seremala wa hapa hapa. Tunamwambia mgonjwa ajikaze, huku vitu vyote tumeviacha chini. Viinuliwe kwanza, ndipo aambiwe ajikaze. Kesho namwita fundi tena: jirani yangu wa kushoto magoti yanamtesa, na bado anaanika mchangani.