Nyota ya Ramadhani ya 1987

Zama za ruksa za Mzee Mwinyi zilikuwa zimeshaanza, mjukuu wangu. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 20 mwanzoni mwa 1986 ilikwishapita 50, na sisi makarani tulihesabu senti kabla ya kuagiza kashata. Ramadhani ile, tukishafuturu, tulikutana kwa muuza kahawa pale Magogoni, tangawizi na samaki wa kukaanga vikigombea pua zetu. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee mwembamba mwenye meno mekundu kwa tambuu, akatunyooshea kidole kusini, juu ya minazi ya Kigamboni. “Ile haikuwapo mwaka jana,” akasema. Tukamcheka. Mazungumzo ya mji yalikuwa mitumba na betri za redio. Nani alikuwa na haja na nyota?

Kumbe nyota ililipuka kweli, katika Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya mwanga kama 160,000 kutoka hapa. Habari zake zilitufikia Jumatatu ya Februari 23, saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu, tukiwa kwenye foleni. Kwanza zilikuja nyutrino, chembe zinazopenya hata mwamba. Mabilioni yalitupita mwilini tusihisi kitu. Wajapani wa Kamioka, wenye tangi la maji ndani ya mgodi, walinasa 11. Hapo ikathibitika kuwa kiini cha nyota kubwa kilikuwa kimeporomoka. Saa mbili hivi baadaye, huko New Zealand, Albert Jones alilitazama wingu lile kwa darubini yake asione kipya. Haikupita saa moja na nusu, Robert McNaught wa Australia akalipiga picha, na nyota imo.

Watu humsifu Ian Shelton, aliyeigundua usiku uliofuata kule Chile, na anastahili. Lakini mimi namvulia kofia zaidi Jones, kwa kutoona kwake. Kutoona huko, pamoja na picha ya McNaught, kulionyesha mwanga ulichelewa nyutrino kwa muda gani. Mshindo wa mlipuko hutoka kiinini hadi juu ndipo mwanga uwake. Ukifika kwa saa chache tu, nyota yenyewe haikuwa pana. Jitu jekundu, lile ambalo wataalamu wengi walilitarajia, lingechukua muda mrefu zaidi. Picha za zamani zilipofukuliwa, mahali pale palikuwa na Sanduleak -69 202, nyota ya buluu. Kwa nini buluu? Wanabishana mpaka leo, ingawa wengi wanasema ilikuwa imemeza nyota mwenziwe, ikatema zile pete za gesi zinazoizunguka, miaka kama 20,000 kabla ya kulipuka.